Pikipiki isiyo na taa inapita MOT Uingereza? Yaliyonikuta na "MOT ya mchana"

#1 Mnyonge wa Derby
Wakuu, salamu. Kila mwaka ikifika miezi hii ya joto watu wanaulizana humu kuhusu "MOT ya mchana", na kila mwaka majibu ni ya vijiweni: mmoja anasema ni cheti cha bei nafuu, mwingine anasema kilifutwa zamani, wa tatu anasema shemeji yake anacho cha rangi nyingine. Mimi limenikuta wiki mbili zilizopita, nikalazimika kusoma kanuni zenyewe. Nawawekea hapa, wajuzi mtanirekebisha.

Nilinunua KTM 250 EXC ya 2006, ile ya kuchanganya oili na petroli. Si ya kwendea kazini. Naitaka kwa zile njia za udongo za vijijini huku Derbyshire, njia ambazo kisheria bado ni barabara, kwa hiyo chombo lazima kiwe na namba, bima, kodi na MOT kama vile uko mjini. Jamaa aliyeniuzia akanambia, "Usihofu, hii huwa inapata MOT ya mchana." Mbele haikuwa na taa, kuna kibao tu cha plastiki cha kubandikia namba za mashindano. Indiketa hakuna. Nikajua hapo nimenunua aina fulani ya kibali maalumu.

Kwa walioko nyumbani: MOT ni ukaguzi wa lazima wa kila mwaka wa ubora wa chombo. Jina limebaki kutoka Ministry of Transport, wizara ya enzi hizo. Ulianza 1960 waziri akiwa Ernest Marples, ukiwa kwa magari yaliyofikisha miaka 10 na ukiangalia zaidi breki, usukani na taa. Kufika 1967 umri ukashushwa hadi miaka 3, na hadi leo gari au pikipiki mpya hukaguliwa mara ya kwanza ikifikisha miaka 3. Anayesimamia sasa ni DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na vyombo, ila wanaokagua ni magereji binafsi yenye leseni. Kwa pikipiki isiyo na kigari cha pembeni hawaruhusiwi kukutoza zaidi ya pauni 29.65. Bei ni hiyo hiyo uwe na taa kumi au usiwe nayo hata moja, kwa hiyo la unafuu lifutwe kuanzia leo.

Sasa siku ya ukaguzi. Nimeipeleka kwa vani ya kuazima. Mkaguzi ni mzee mmoja mpole, kavaa miwani ya kusomea imefungwa kamba shingoni. Anazunguka, anabonyeza shokapu, anainua gurudumu la mbele na kulichezesha, anavuta cheni. Mimi nimetulia. Halafu anachuchumaa nyuma, anaweka kidole chini ya mkia, juu kidogo ya kibao cha namba.

"Hii je?"

Wakuu, kulikuwa na kitaa chekundu cha nyuma, kidogo kama kiberiti, kimejaa tope hadi nilidhani ni sehemu ya plastiki. Mwenye nayo wa zamani alitoa ya mbele akaisahau hiyo. Mzee akaifuta kwa kitambaa, akabonyeza swichi. Ikawaka. Miaka yote ile ya kupigwa matope na mawe, imengoja siku hiyo ndipo ionyeshe kwamba ni nzima.

Nikafeli. Makosa yakashuka kwenye karatasi kama risiti ya duka: hakuna taa kubwa ya mbele, hakuna taa ndogo ya mbele, hakuna taa ya breki, hakuna kiakisi mwanga cha nyuma, hakuna indiketa. Yote hayo kaleta yule mmoja aliyekuwa anafanya kazi!

Nilipouliza, mzee akanielekeza kwenye Kanuni za Taa za Vyombo vya Barabarani za 1989, kanuni ya 4. Nimeisoma usiku ule. Maana yake kwa lugha yetu: kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, chombo ambacho hakijafungwa taa ndogo yoyote, ya mbele wala ya nyuma, hakilazimishwi kuwa na taa wala kiakisi chochote. Taa ndogo ninayosema hapa ni ile ya kuonyesha kwamba upo, si ya kumulikia njia. Ukiwa nayo moja tu, msamaha umekwisha, na unatakiwa uwe na zote. Hakuna nusu.

Kwa hiyo hakuna cheti kinachoitwa MOT ya mchana. Ukifaulu unapewa cheti kile kile cha kila mtu. Tofauti ni kwamba mkaguzi anaandika angalizo kuwa chombo hiki kitumike mchana tu, na kisitumike wakati uonaji umepungua sana. Jina la "mchana" tumelipa sisi wa mitaani.

Mzee hakuwa na roho mbaya. Alinambia kama nataka, niache pikipiki pale pale, niitengeneze uwanjani kwake, atairudia bila kunitoza. Nikaazima spana namba 8 na plaizi. Boti mbili, waya mbili, dakika kumi. Kitaa kikaingia mfukoni, pikipiki ikaingia tena ndani, ikapita. Angalizo likaandikwa. Nikalipa 29.65 zangu nikaondoka na suruali yenye doa la grisi.

Maswali yangu: kuna mwenye uzoefu wa kutembea na hili angalizo barabarani? Na je, wale wanaoziba taa kwa teipu badala ya kuing'oa, wako salama?

#2 Chaurembo
Ngoja nielewe. Taa mbovu zingekupitisha, taa nzima ikakufelisha?

#3 Mnyonge wa Derby
Mbovu isingenipitisha mkuu. Ikiwepo na haiwaki ni kosa. Inatakiwa ISIWEPO. Ni kama kuulizwa tiketi kwenye basi: ukisema hukupanda basi, hiyo ni habari nyingine.

#4 Chaurembo
Wazungu bwana.

#5 Spoku Kavu
Boss wa Derby, asante kwa uzi. Mimi niko Slough, nina Honda ya trail, na mwaka jana nilipitisha na teipu. Niliziba headlight yote na teipu nyeusi, mbele na nyuma, nikachomoa plagi. Yule jamaa akaangalia, akapita. Mwaka huu nimeenda kwa mwingine akakataa, ati teipu naweza kuitoa nikitoka kwa geti. Sasa nani ako right?

#6 Mtoa Cheti
Niruhusuni niingie, maana hii ndiyo kazi ninayolia chakula. Nakagua pikipiki, daraja la 1 na la 2, yaani za hadi cc 200 na za kuzidi hapo. Sitaji gereji.

Ndugu Spoku Kavu, wote wawili wana pa kusimamia. Kanuni ile ile ya 4 inasema taa haihesabiwi kuwa taa ikiwa imepakwa rangi au kuzibwa kiasi kwamba haiwezi kutumika papo hapo wala kuwekwa tayari kirahisi, au kama ni ya umeme na haina mfumo wa waya wa kuiunganisha. Mwongozo wetu wa ukaguzi nao unataka taa iwe imetengwa na umeme moja kwa moja, imepakwa rangi au imezibwa. Sasa mtu ananiletea taa yenye kipande cha teipu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kona moja imeshabanduka. Nimwambie nini? Hiyo naibandua kwa kucha. Lakini ukinijia umezungushia teipu nzito kioo chote, na nyuma waya zimekatwa, ncha zimezibwa na hazifiki popote, sina hoja na wewe. Plagi iliyochomolewa tu na kuning'inia karibu na tundu lake ni kualika ubishi. Ushauri wangu kwa wateja ni mfupi: ng'oa.

Jambo la pili, watu huja na mawazo kwamba huo ni ukaguzi mwepesi. Si kweli. Kinachoruka ni taa na ndugu zake tu. Mengine yote yapo pale pale. Breki: mfumo mmoja lazima ufikishe ufanisi wa asilimia 30 na wa pili asilimia 25. Tairi: kwa pikipiki za kuzidi cc 50, kina cha mifereji kisipungue milimita 1 kwenye robo tatu ya upana wa tairi, na hiyo sehemu iliyobaki mchoro uonekane. Bearing za usukani, swing'amu, fremu, cheni na sproketi, uvujaji wa mafuta. Na honi! Honi si taa. Kila wiki kuna kijana ananiletea pikipiki ya porini imevuliwa kila kitu, kajisomea habari za taa mtandaoni, halafu namwambia "piga honi" ananiangalia kama nimemwomba mahari. Honi inatakiwa usiku na mchana.

Eksozi nayo. Hizi za mashindano nyingi zimegongwa maandishi kwamba si za barabarani. Nikiyaona maandishi hayo, nafelisha, hata kama mlio wake ni wa upole kuliko cherehani.

Kibao cha namba kinabaki, kisomeke, herufi za ukubwa unaotakiwa. Taa ya kukimulika tu ndiyo haitakiwi.

#7 Spoku Kavu
Hapo kwa honi umenigusa. Yangu iko kwa sanduku nyumbani 😂 Asante sana mkubwa.

#8 Mama Salha
Mimi nitaharibu sherehe kidogo, mnisamehe.

Ni nesi, natoka zamu ya usiku asubuhi na ya mchana jioni, naendesha gari barabara za vijijini Lincolnshire. Mwezi wa kumi na moja mwaka juzi, jua limezama lakini mbingu bado ina mwanga, ile saa ambayo kila kitu kina rangi ya majivu. Nikatokea kwenye njia panda, nimeangalia kulia, kushoto, kulia tena. Pakavu. Nikaingia. Pikipiki ikapita mbele ya boneti yangu kwa umbali wa meza ya kulia chakula. Haina taa hata moja. Kijana alikuwa anarudi zake kutoka kwenye matope, mwenyewe wa rangi ya tope, chombo cha rangi ya tope. Nilikaa pale dakika tano, mikono inatetemeka kwenye usukani.

Pikipiki nyingi za sasa taa ya mbele inawaka yenyewe ukiwasha injini, mchana kweupe. Watengenezaji hawakufanya hivyo kwa urembo. Wenye magari hatuwaoni. Sasa wenzangu mnapeana mbinu za kuing'oa hata iliyopo! Sheria ikiruhusu haina maana ni akili.

#9 Mnyonge wa Derby
Dada Mama Salha, pole kwa yaliyokukuta, na sikubishii. Huyo kijana alikuwa amekwisha vunja sheria, na nadhani najua kosa lake lilikotokea, kwa sababu karibu nilifanye mimi. Watu wamekariri kwamba "giza kisheria" linaanza nusu saa baada ya jua kuzama. Kweli kuna kipimo hicho, ila ni cha taa kubwa ya kumulikia njia. Taa ndogo zinatakiwa kuanzia jua linapozama, na msamaha wa sisi tusio na taa unakatika dakika hiyo hiyo. Hakuna nusu saa ya nyongeza. Anayeihesabu hiyo nusu saa ndiye uliyekutana naye njia panda.

Na hata mchana kuna ukungu. Kitabu chao cha barabarani kinaeleza uonaji uliopungua sana kuwa, kwa kawaida, ni pale usipoona zaidi ya mita 100. Huku milimani asubuhi mita 100 ni anasa.

Kuhusu kuvaa rangi ya tope: nimenunua kizibao cha njano. Mke wangu anasema nafanana na mfagia barabara. Nimekubali.

#10 Dereva Daladala Mstaafu
Nipo Mbagala nasoma kwa raha zangu. Kumbe boda za huku kwetu nyingi zina MOT ya mchana tangu zamani, tatizo wenyewe hawajui kwamba usiku waende wakalale 😂

Ila swali la kweli: kwa nini usiifunge taa tu? Taa ya pikipiki si bei ya kiwanja.

#11 Mnyonge wa Derby
Mzee wangu shikamoo. Ukipita porini vichaka vinang'oa indiketa, na ukianguka (mimi naanguka sana) unaangukia taa. Wanaoshindana huvua vyote vinavyovunjika. Halafu pikipiki nyingi za aina ya trials, zile za kurukia mawe, hazina hata pa kuifunga. Ndiyo maana msamaha huu unawafaa zaidi hao: kipande cha barabara kati ya pori moja na jingine, mchana, basi. Kwa mtu wa kwenda kazini ni ujinga mtupu, hapo niko na Mama Salha.

#12 Dereva Daladala Mstaafu
Marahaba mwanangu. Punguza kuanguka.

#13 Mzee wa Kiki
Kongole kwa mada. Niongeze upande wa mikweche, maana ndiyo ugonjwa wangu.

Pikipiki nyingi za kabla ya vita ya pili zilitoka bila umeme, taa zikiwa kitu cha kununua pembeni. Wenye nazo wengi hawataki kuzitoboa tundu za kufunga taa za kisasa, na kwao kanuni hii ya mchana ni ya heshima kabisa, si ujanja. Siku hizi lakini chombo cha zaidi ya miaka 40 kisichobadilishwa sana ndani ya miaka 30 iliyopita kimesamehewa MOT yenyewe, tangu Mei 2018. Vya kabla ya 1960 vilisamehewa mapema zaidi, 2012.

Hapo watu wanateleza. Kusamehewa kukaguliwa si kusamehewa sheria ya taa. Mkweche wako wa 1934 hauna wa kuukagua, sawa, lakini jua likizama ukiwa nao barabarani bila taa, kosa ni lile lile. Na ukiwa umefungiwa taa ndogo ya nyuma na fundi mwenye huruma, basi hata saa sita mchana unadaiwa nyingine zote, kama lilivyomkuta mwenzetu wa Derby.

#14 Kidoti
Jamani na bima inakuaje? Naogopa hawa watu, kila kitu wanakifanya sababu ya kutolipa.

#15 Mtoa Cheti
Wapigie uwaambie ukweli kabla, kwamba chombo hakina taa na kinatumika mchana. Kumbuka pia kwamba historia ya MOT iko wazi mtandaoni: mtu yeyote mwenye namba ya chombo anaweza kuona kilifeli nini, lini, na maangalizo yaliyoandikwa. Angalizo la "mchana tu" halikai kwenye droo yako peke yako. Ukigongana saa mbili usiku, halitakuwa siri.

Na kutembea bila MOT kabisa faini inaweza kufika pauni 1,000. Safari ya kwenda kwenye ukaguzi uliokwisha panga miadi ndiyo inaruhusiwa, bima ikiwepo. Wa Ireland ya Kaskazini wana utaratibu wao, msinukuu yangu huko.

#16 Kidoti
Nimekupata kaka, ubarikiwe.

#17 Mnyonge wa Derby
MREJESHO. Nimekaa na hii pikipiki tangu nifungue uzi, sasa ni mwezi wa kumi unaishia, nirudi kutoa taarifa.

Askari wamenisimamisha mara moja, mchana. Wawili, kwenye gari. Mmoja akazunguka pikipiki kimya, akauliza taa ziko wapi. Nikamwonyesha cheti kwenye simu, angalizo likiwa limeandikwa. Akaangalia jua. Wallahi, aliinua uso akaangalia jua, kisha saa yake. Akasema nifike nyumbani salama. Honi akaniambia niipige, nikaipiga.

Kilichonishinda ni saa. Kiangazi nilijiona mfalme: London mwishoni mwa Juni jua linazama saa 3:21 usiku, unatoka kazini, unakwenda porini, unarudi, unakula, bado mchana. Sasa saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, na katikati ya Desemba jua la London litazama saa 9:52 alasiri. Saa tisa! Nyumbani huo ni muda watu wanaamka usingizi wa mchana. Sisi tuliozoea jua linalozama saa kumi na mbili na ushee mwaka mzima, hatuna kengele kichwani ya kutwambia limeondoka. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimejaa raha huko mlimani, kutazama kivuli changu nakikuta kina urefu wa nguzo ya umeme. Nilirudi mbio mbio kama kuku anayewahi banda, nikaingia getini dakika kumi na moja kabla. Nimeweka kengele kwenye simu, saa moja kabla ya jua kuzama, sauti ya adhana kabisa ili nisiipuuze.

Kwa hiyo Novemba hadi Februari inalala. Nitaitangaza kwamba haiko barabarani, nirudishiwe kodi ya miezi iliyobaki. Machi tunaonana.

#18 Mama Salha
Hapo kwenye kengele nimekupenda bure. Kizibao bado unakivaa?

#19 Mnyonge wa Derby
Bado dada. Kimepata matope lakini kinaonekana.

#20 Spoku Kavu
Boss, ile taa ndogo ya nyuma uliyong'oa bado uko nayo? Nimeamua kurudisha zangu zote, nimechoka kukimbizana na jua. Ya nyuma yangu ilivunjika.

#21 Mnyonge wa Derby
Ipo kwenye droo. Njoo PM.

#22 Spoku Kavu
Inawaka lakini?

#23 Mnyonge wa Derby
Inawaka sana. Ndiyo kesi yake.